Sauti ya Bibi na Kipakatalishi Kilichoelemewa

Kwa jioni tatu mfululizo, baada ya swala ya alasiri, tulikuwa tukipanda ngazi za nyumba moja ya ghorofa katika Mji wa Kale, Mombasa, tukiwa na kipakatalishi kikongwe, maikrofoni ndogo ya waya wa USB, na maswali tuliyoandikiwa na wajukuu wa nyumba hiyo. Mwenye nyumba ni bibi aliyekwisha kupita umri wa miaka 80. Wajukuu wake, ambao baadhi yao wako ng'ambo, walitaka sauti yake ihifadhiwe ingali na nguvu: habari za majahazi, mambo ya harusi za zamani, nyimbo za kubembelezea watoto, na zaidi ya yote, safari iliyomleta babake kutoka Lamu. Bibi alikubali kwa sharti moja, kwamba tumalize kabla hajaondoka kwenda kumtazama bintiye, na safari hiyo ilikuwa imebakisha siku 10.

Usiku wa siku ya tatu, tulipovaa vipokea sauti vya masikioni ili tusikilize tulichokivuna, tulishikwa na fadhaa. Ndani ya sauti ile mlikuwa na mitatariko, mfano wa mafuta ya moto yanapotiwa kitunguu. Baya zaidi ni kwamba palikuwa na mahali ambapo maneno yaliruka. Bibi alikuwa akisimulia jinsi babake alivyopanda jahazi, akafika pa kumtaja nahodha. Tukasikia, "na nahodha wake alikuwa", kisha papo hapo, "akatia nanga Bandari ya Kale". Jina halikuwapo. Tulirudisha nyuma mara nne, tano, kana kwamba kurudia kungeliota. Na jina hilo ndilo wajukuu walilokuwa wamelisisitiza kuliko jingine lolote, kwa sababu waliwahi kuambiwa kwamba nahodha yule alikuwa wa damu yao.

Tumeona tuyaandike haya kwa kirefu kidogo kwa kuwa hatudhani ni sisi pekee yaliyotufika. Katika nyumba zetu nyingi leo mna mtu anayerekodi: darsa, kasida, nasaha za arusi, au sauti ya mzee. Na aghalabu mashine inayotumika ni ile iliyorithiwa kwa kaka aliyemaliza chuo, au iliyonunuliwa ikiwa tayari imekwisha kutumika.

Chetu kilikuwa na kumbukumbu ya kazi, ile ambayo mafundi huiita RAM, ya gigabaiti 4. Diski yake ni ile ya kizamani inayozunguka, na mfumo wake ni Windows 10. Programu tuliyoitumia kurekodia ni Audacity, isiyo na malipo, ambayo ilianzishwa na Dominic Mazzoni na Roger Dannenberg katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon huko Marekani na ikatolewa kwa watu mwaka 2000. Programu yenyewe haikuwa na kosa, na hilo tulisema tangu mapema, kwa maana shauri la kwanza tulilopewa na kila tuliyemuuliza lilikuwa tuibadilishe.

Kabla ya kugusa chochote, tulitaka kujua jambo moja: je, kasoro imo ndani ya faili, au ni kipakatalishi kinachojikwaa wakati wa kusikilizisha? Hayo ni maradhi mawili yenye dawa mbili. Tuliinakili faili kwenye flashi, tukaisikiliza kwa mashine nyingine iliyo na nguvu. Sehemu kubwa ya mitatariko ilitoweka, maana yake haikuwa imeandikwa katika faili hata kidogo. Lakini mapengo yalibaki pale pale, na jina la nahodha pamoja nayo. Tunamsihi kila msomaji aanze na jaribio hili. Linachukua dakika chache, na wako watu waliofuta rekodi nzima wakidhani imeharibika, kumbe imeharibika masikioni mwao tu.

Sasa, kwa nini kipakatalishi ambacho huandika barua zetu vizuri kishindwe na sauti? Mfikirieni fundi cherehani aliyeweka meza yake barazani. Meza hiyo ndiyo kumbukumbu ya kazi: mkasi, uzi, na kanzu anayoishona viko mbele yake, ananyoosha mkono tu. Nyuma ya nyumba mna ghala, nayo ndiyo diski. Meza ikiwa pana, mambo huenda. Meza ikijaa, fundi hulazimika kumtuma mwanafunzi wake apeleke kitambaa kimoja ghalani ili alete kingine, na saa moja baadaye amrudishe akalete kile cha kwanza. Windows hufanya hivyo hivyo. Kumbukumbu inapojaa, huchukua sehemu ya vilivyomo na kuviandika kwenye diski kwa muda, kisha huvirejesha vinapohitajika. Diski inayozunguka ni mwanafunzi mzito wa miguu. Barua inaweza kusubiri. Sauti haisubiri.

Sauti hukatwa katika vipande vidogo sana, sampuli 44,100 kwa kila sekunde kwa kipimo tulichotumia, na vipande hivyo huja iwe programu iko tayari kuvipokea au haiko. Hukusanywa kwanza katika hifadhi fupi ya muda iitwayo bafa. Ni kama ndoo chini ya mfereji usiofungika: mradi unaikinga na kuimwaga pipani kwa wakati, hupotezi tone. Ukiitwa ndani, ukachelewa, ndoo hufurika, na maji yaliyomwagika chini hayazoleki. Ndiyo sababu pengo lililomo ndani ya rekodi halitibiwi na programu yoyote. Linaweza kuzibwa kwa ukimya au kwa sauti ya jirani yake, lakini neno lililokuwamo halikuandikwa popote.

Basi tulibonyeza vitufe vya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, na dirisha likafunguka linaloonyesha kila programu inavyokula. Tulikuwa hatujafungua kitu, ila kumbukumbu ilikuwa imetumika asilimia 83, na diski asilimia 100. Hapo tulielewa kwamba bibi alikuwa akizungumza na meza iliyokwisha kujaa. Katika zile gigabaiti 4, sehemu huchukuliwa na kazi ya kuchora picha za skrini, kwa kuwa mashine za namna hii hazina kumbukumbu ya picha iliyo mbali. Mfumo wenyewe una hisa yake. Halafu kulikuwa na wageni wasioalikwa: programu ya kuzungumza kwa video, programu mbili za ujumbe, moja ya kupandisha picha mtandaoni, na nyingine ya mashine ya kuchapisha ambayo iliharibika na kutupwa zamani. Zote zilikuwa zikijiamsha zenyewe kila kipakatalishi kinapowashwa. Katika dirisha lile lile mna sehemu inayoorodhesha programu za namna hiyo, na kila moja inaweza kuzuiwa isijiamshe bila ya kufutwa.

Kivinjari cha intaneti kina fungu lake peke yake, nalo ni kubwa. Mmoja wetu alikuwa na mazoea ya kuacha kurasa zaidi ya 20 zikiwa wazi, kila moja "nitaisoma baadaye". Hatumtaji, naye anajijua. Kurasa zile, hata zisipotazamwa, hushikilia nafasi, na baadhi yake huendelea kujisasisha.

Lipo jambo jingine ambalo lilitushangaza sisi wenyewe. Tulikuwa tukikizima kipakatalishi kila usiku, tukiamini asubuhi kinaamka kikiwa safi. Katika Windows 10, mara nyingi kuzima si kuzima kamili, kwani mfumo huhifadhi sehemu ya hali yake kwenye diski ili uwake haraka kesho yake, na uchafu wa jana huweza kurejea nao. Anayetaka mwanzo mpya hana budi kuchagua kuanzisha upya badala ya kuzima. Tulipofanya hivyo baada ya kuwazuia wale wageni, kumbukumbu ilishuka hadi asilimia 52.

Bado haikuwa imetosha, na hapa tunaungama makosa yaliyokuwa yetu, si ya mashine. La kwanza lilikuwa la adabu. Sebule ya bibi haina meza, na sisi, kwa kuogopa kukwaruza sanduku lake la mninga, tulikiweka kipakatalishi juu ya mto. Mto uliziba matundu ya chini ambamo hewa huingia. Mashine ikipata joto kupita kiasi hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, na katika joto la pwani yetu haina safari ndefu ya kufika huko. Tulipomfungulisha fundi, alitoa kwenye feni vumbi lililoshikana kama pamba, kwa maana hewa yetu ina unyevu na chumvi, na vumbi lenye unyevu haliondoki kwa kupulizwa.

La pili lilikuwa umeme. Chumbani mna soketi moja. Jioni ya kwanza tulimwachia bibi feni yake, nasi tukatumia betri. Betri ilipopungua, kipakatalishi kikaingia katika hali ya kubana matumizi na kupunguza mwendo wa akili yake. Tukiangalia saa za rekodi, pengo kubwa kuliko yote, lile la nahodha, liliangukia dakika hizo. Mwisho bibi mwenyewe alisema feni izimwe kwa kuwa ilikuwa ikimwingilia maneno yake, nasi hatukuwa na akili ya kuchomeka chaja katika soketi iliyoachwa wazi.

La tatu ni ukubwa wa rekodi. Tuliacha vipimo kama tulivyovikuta, tukamrekodi mtu mmoja, kwa maikrofoni moja, katika njia mbili, ya kulia na ya kushoto, zenye sauti ile ile. Kwa sampuli 44,100 za biti 32, njia mbili hula takriban gigabaiti 1.27 kwa saa. Njia moja hula megabaiti 635. Tulikuwa tukimtwisha yule mwanafunzi mzito wa miguu mizigo miwili mahali pa mmoja, na ghala lenyewe lilikuwa limebakiwa na nafasi ndogo mno. Msimulizi mmoja hahitaji zaidi ya njia moja. Lakini tusieleweke vibaya: hatusemi mtu arekodi moja kwa moja katika muundo wa MP3 ili kubana nafasi. Muundo huo hutupa sehemu ya sauti ili faili iwe ndogo, na kilichotupwa hakirudi. Asili ihifadhiwe kamili katika WAV, na MP3 itengenezwe mwishoni kwa ajili ya kuwatumia jamaa kwenye simu.

Baada ya hapo tuliongeza bafa, yaani tuliweka ndoo kubwa zaidi. Hapa pana mizani ya kupima. Bafa ya sampuli 256 ni kama milisekunde 6 tu, na ya sampuli 1,024 ni kama 23. Audacity huipima kwa milisekunde, nasi tulipandisha hadi 200. Hasara ya bafa kubwa ni ucheleweshaji: anayeimba huku akijisikiliza masikioni kupitia kompyuta atajisikia amechelewa, na hilo humvuruga. Waimbaji wa kasida wanaorekodi sauti juu ya sauti watalazimika kutafuta kadiri inayowafaa. Bibi hakuwa amevaa chochote masikioni isipokuwa vipuli vyake, kwa hiyo kwetu hasara hiyo haikuwapo.

Tuliikataza pia programu ya kupambana na virusi isikague folda moja, ile ya rekodi, kwa kuwa ilikuwa ikilisoma kila fungu jipya la sauti wakati lile lile linapoandikwa. Tunarudia: folda moja. Kuizima programu hiyo kabisa na kuendelea kupokea flashi za watu ni kuacha mlango wazi usiku. Intaneti tuliikata kwa muda wa kurekodi, nayo masasisho yakakosa njia ya kuanza katikati ya hadithi.

Kuhusu kununua, tulisikia mengi. Fundi mmoja alitaka kutuuzia mashine nyingine papo hapo, hata kabla hajaiwasha yetu. Mwingine alitushauri programu ya "kusafisha kumbukumbu". Hizo tunaziona ni kumpaka mgonjwa poda: husukuma vitu kutoka mezani kwenda ghalani ili nambari ionekane nzuri, na dakika inayofuata vitu hivyo hivyo vinatakiwa tena. Wa tatu ndiye aliyetusaidia, na alianza kwa kuuliza tunafanyia nini. Alifungua kifuniko cha chini, akatuonyesha kwamba kumbukumbu ya mashine yetu inachomoka, ingawa ziko ambazo kumbukumbu yake imechomewa kwenye ubao na haiongezeki kabisa, na mnunuzi hana budi kulijua hilo kabla ya kutoa fedha. Akatufahamisha vilevile kwamba vipande hivi havifanani. Chetu ni cha aina ya DDR3L, kinachotumia volti 1.35, na kile cha DDR3 cha kawaida hutumia 1.5, hata kama kwa macho vinashabihiana. Tuliongeza kipande cha gigabaiti 4 kilichokwisha kutumika, na badala ya diski inayozunguka tukaweka ya SSD, isiyo na kitu kinachozunguka ndani yake. Mtu aliye na fedha ya kimoja tu, sisi tungemwambia aanze na SSD. Hata kumbukumbu ikijaa, safari ya ghalani itakuwa fupi.

Wapo watakaouliza juu ya Windows 10 yenyewe, ambayo Microsoft ilikoma kuitolea masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine kongwe nyingi hazikidhi masharti ya Windows 11. Audacity hufanya kazi pia katika Linux, ambayo ina aina nyepesi zinazozifaa mashine za namna hii, na huenda tukaelekea huko. Kwa sasa kipakatalishi cha rekodi hatukitumii kwa barua wala kwa intaneti.

Tulirudi kwa bibi zikiwa zimebaki siku tatu. Safari hii tulibeba kibao cha mbao cha kuweka chini ya kipakatalishi, na waya mrefu wa umeme. Tulibeba pia kile ambacho tungepaswa kuwa nacho tangu siku ya kwanza: shahidi wa pili. Simu moja, iliyokatwa mtandao, iliwekwa kando ya bibi ikirekodi kivyake. Ikitokea kompyuta kukosa neno, simu italinasa. Kabla ya kuanza tulirekodi dakika 10 za majaribio, tukazisikiliza zote, tusiseme "inaonekana iko sawa".

Ilikuwa vigumu kumweleza. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, tukakaa, tukaanza kuzunguka kwa maneno. Akatukatiza. "Wanangu, semeni. Mmeyapoteza?" Tukakiri. Akakitazama kipakatalishi kwa muda, akasema, "Mimi na yeye nani mkongwe?" Tukacheka kwa aibu. Kisha akaomba maji, akanywa, akaanza upya.

Alizungumza saa 1 na dakika 52 bila ya pengo hata moja. Lakini mtu hasimulii jambo mara mbili kwa namna ile ile. Habari za harusi zilikuja fupi kuliko mara ya kwanza, na mambo ya jikoni yakawa marefu. Alipofika kwa nahodha alitua, akalitaja jina lake na la babake nahodha, na mtaa aliokuwa akikaa Lamu. Wajukuu wamekwisha kutumiwa sehemu hiyo. Ni jina la familia yao, nasi hatulichapishi hapa.

Wimbo wa kubembelezea mtoto ndio uliotupa taabu. Siku ya pili, katika ule mfululizo wa kwanza, aliuimba wote, na ubeti wa tatu una pengo la kama sekunde mbili. Mara hii aliimba beti mbili, akanyamaza, akatafuta, akatikisa kichwa. Tulimsikilizisha sauti yake mwenyewe ili imkumbushe. Alipofika kwenye pengo alitega sikio, akasema maneno mawili kwa sauti ya chini, kisha akasema si hayo. Hatukumsumbua zaidi, adhuhuri ilikuwa imekaribia.

Rekodi zote sasa ziko mahali patatu: katika kipakatalishi, katika diski ya nje iliyo ofisini, na kwa mjukuu mmoja aliye mbali. Faili ya kwanza, yenye mapengo, hatukuifuta, kwa sababu ndiyo pekee yenye ubeti wa tatu. Tunapozihariri huzikata vipande vya dakika 15, tukaondoa mvumo wa chumba katika kila kipande mbali mbali, maana kuiamuru programu isafishe saa nzima kwa mpigo ni kuijaza meza tena. Kila tunapomaliza kipande huhifadhi na kuifunga kazi, kwa kuwa Audacity hutunza hatua zote tulizopita ili tuweze kurudi nyuma, na hatua hizo zina uzito wake. Tumefika kipande cha tano. Bibi amefika salama kwa bintiye, na ametuma salamu kwamba maneno ya ubeti yakimjia atamwambia binti ayarekodi kwa simu.